Adapta Imaliziwe Mahali Itakapofanya Kazi

Anayenunua kerezo dogo la kuchongea vyuma nyumbani hudhani amemaliza manunuzi. Mashine ipo, mota ipo, visu vya kukatia vipo. Kazi ya kwanza tu humwonyesha kwamba kukata chuma ni sehemu nyepesi ya ufundi huu. Uzito uko katika kushika: kushika bomba jembamba bila kulibonyeza, kushika bolti bila kuponda hesi zake, kugeuza kipande upande wa pili kikaendelea kuzunguka palepale kilipokuwa kikizunguka. Chaki iliyokuja na mashine, yaani kishikio chenye mataya, haitoshi kwa yote hayo, na chaki nyingine anayoipata kwa bei nafuu haiingii kwenye spindeli, mhimili wa mashine unaoizungusha. Hapo ndipo adapta zinapohitajika, na nyingi kati ya hizo mtu anaweza kujitengenezea kwa mashine ileile aliyonayo, hata kama mashine hiyo ni ya bei ya chini. Inawezekana kwa sababu moja ambayo nitairudia mara kadhaa: usahihi wa adapta hutegemea zaidi mahali ilipomaliziwa kuliko ubora wa mashine iliyoianza.

Kwanza tuone kwa nini vifaa havipatani. Uingereza ina historia ndefu ya karakana za nyumbani. Jarida la mafundi wa karakana hizo, Model Engineer, lilianzishwa na Percival Marshall mwaka 1898. Kerezo walilolipenda sana baada ya Vita Vikuu vya Pili lilikuwa Myford, lililotengenezwa Beeston karibu na Nottingham. Pua ya spindeli yake ina hesi ya kipenyo cha inchi 1⅛, mizunguko 12 kwa kila inchi. Ukivuka kwenda Marekani, South Bend la inchi 9 lina inchi 1½ na mizunguko 8, na Sherline dogo lina inchi ¾ na mizunguko 16. Unimat la Austria, lile la kuwekwa juu ya meza, lina milimita 12 na hatua ya milimita 1. Makerezo madogo ya Kichina yanayouzwa leo kwa majina ya kila namna hayana hesi kabisa kwenye pua; yana bamba bapa lenye kikalio (mbenuko wa kuweka chaki katikati) cha milimita 55 ambalo chaki ya milimita 80 hufungwa kwa bolti tatu. Joseph Whitworth alipendekeza kiwango cha hesi za bolti tangu 1841, na mashine kubwa za viwandani baadaye zilipata viwango vya pua vinavyofuatwa na watengenezaji wengi. Mashine ndogo ziliachwa kila moja na pua yake.

Ndani ya spindeli mambo ni afadhali. Stephen Morse, Mmarekani aliyepata hataza ya biti ya msokoto mwaka 1863, aliacha pia tepa, yaani koni nyembamba, inayoitwa kwa jina lake, na tepa hiyo imekubalika karibu dunia nzima. Tepa ya Morse namba 2 ina kipenyo cha milimita 17.78 upande mpana, namba 3 ina milimita 23.825, nazo hupungua takriban milimita 1 kwa kila milimita 20 za urefu. Namba 3 ndiyo iliyomo kwenye spindeli za makerezo mengi madogo ya Kichina, na namba 2 kwenye kichwa cha nyuma. Kwa hiyo mtu ana milango miwili: ule wa nje, ambao kila kiwanda kiliuchonga kwa kipimo chake, na ule wa ndani, ambao umeshasawazishwa.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili limevuka mipaka ya burudani ya nyumbani. Fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, anayenunua mashine iliyotumika kutoka Ulaya anaweza kuletewa pua ya hesi za inchi bila vifaa vyake, huku duka la jirani likiuza chaki mpya za milimita. Mashine hiyo haitafanya kazi mpaka mtu atengeneze kiungo cha kati.

Adapta yoyote ina kazi tatu: kuweka kitu mahali pake, kukikaza kisitoke hapo, na kupitisha nguvu ya mzunguko. Adapta nyingi mbovu zimeharibika kwa sababu kiungo kimoja kimepewa kazi ya mwenzake. Bolti hukaza tu. Tundu la bolti ya milimita 8 hutobolewa milimita 9, na ndani ya milimita hiyo moja bolti inaweza kukaa popote. Anayetegemea bolti zimwekee chaki katikati atapata chaki inayoyumba. Hesi nayo ina nafasi kati ya meno, hivyo haiwezi kuaminiwa kuweka kitu katikati. Kinachoweka mahali ni kikalio, yaani silinda fupi iliyochongwa kuingia kwa kubana ndani ya tundu la mwenzake, pamoja na bega bapa linalolala juu ya bega jingine. Kikalio hakihitaji urefu. Milimita 3 au 4 zinatosha, kwa kuwa kuyumba kwa pembeni huzuiwa na bega. Kikalio kirefu kinaweza hata kuleta hasara: kikibana upande mmoja, bega halilali sawasawa.

Sasa tuchukue bamba la nyuma la chaki kwa pua ya hesi kama ile ya Myford, maana ndani ya kazi hii moja kuna karibu kila kitu mtu anachopaswa kujua. Malighafi yake bora ni chuma cha kusubu. Hukatika kwa urahisi, kina grafiti ndani yake inayokifanya kiteleze juu ya chuma cha spindeli bila kung'ang'ania, na hupunguza mtetemo. Puli kuukuu au flaiwili iliyotupwa hutoa kipande kizuri. Mkato wa kwanza uende chini ya gamba la nje, kwa sababu gamba lina mchanga na sehemu ngumu zinazomaliza makali ya kisu kwa dakika chache. Aluminiamu inafaa kwa bamba linalofungwa kwa bolti, lakini hesi zake zitalika mapema zikifunguliwa na kufungwa kila siku.

Fundi anashika kipande kwenye chaki, anapanua tundu, kisha anakata hesi ya ndani. Kikwazo cha kwanza ni vipimo. Inchi moja ni milimita 25.4 kamili, na 25.4 mara tano ni 127. Ndiyo maana mashine ya milimita huhitaji gia ya meno 127 ili kukata hesi za inchi bila makosa yanayojilimbikiza. Gia ya meno 63, ambayo ni karibu nusu yake, hutoa kosa dogo linalovumilika kwa hesi fupi kama ya bamba. Kikwazo cha pili kinawakwamisha wengi. Kipande kiko ndani ya chaki, chaki iko juu ya pua, na hesi inayokatwa ni ya pua hiyohiyo. Huwezi kuijaribu, na ukikitoa kipande ili ujaribu hutakirudisha palepale. Dawa yake ni kuchonga kwanza nakala ya pua, kipande cha chuma chenye hesi, kikalio na bega vyenye vipimo sawa na vya spindeli. Kazi hiyo ya kwanza huonekana kama kupoteza muda, lakini nakala inadumu maisha yote na itatumika kwa kila adapta itakayofuata. Mwanzo wa hesi ndani ya bamba upanuliwe uwe wazi kabisa. Usipofanya hivyo, bamba litasimama kwenye mwisho wa hesi kabla ya kufika kwenye bega, na hapo hakuna kinacholiweka sawa. Paka bega la spindeli wino, funga bamba, fungua, utazame: alama ikiwa duara kamili, limelala.

Baada ya hapo ndipo linapokuja lile la msingi. Toa chaki, funga bamba kwenye pua yenyewe, kisha chonga uso wake na kikalio cha chaki likiwa hapo. Kosa lolote dogo lililobaki kwenye hesi au kwenye tundu sasa limekuwa sehemu ya bamba, na uso mpya unafuata mhimili wa mashine hii. Bamba likitolewa na kurudishwa, litarudi vilevile mradi mabega yafutwe chenga na vumbi. Bamba hilo likipelekwa kwenye mashine nyingine ya aina ileile linaweza kuyumba, na si kosa la yeyote, halikumaliziwa huko. Ndiyo sababu bamba lililonunuliwa, hata la bei kubwa, mara nyingi huuzwa likiwa na uso uliobakizwa nyama ya ziada ya kumalizia nyumbani. Ndiyo sababu pia mtu mwenye mashine ya wastani anaweza kupata matokeo mazuri kuliko mwenye kununua kila kitu.

Je, kikalio kibane au kilegee? Mafundi wamegawanyika, na kila upande una hoja. Wanaobana huacha nafasi ya milimita 0.02 au 0.03, chaki huingia kwa kusukumwa na mkono na hurudi mahali pake kila mara. Wanaolegeza huacha makusudi takriban milimita 0.2, hufunga bolti nusu, hugonga chaki kidogokidogo kwa nyundo ya plastiki huku geji ya saa (kipimo chenye sindano) ikisoma kuyumba kwake, kisha hukaza. Njia ya pili inafuta kosa la chaki yenyewe, lakini kwa kipenyo kimoja tu. Chaki ya mataya matatu huendeshwa na bamba la mzunguko lenye mfereji wa konokono, na kosa la mfereji huo hubadilika kila mataya yanaposogea. Anayerekebisha kwenye milimita 20 anaweza kukuta kosa limerudi kwenye milimita 40. Mimi nakubaliana na wanaobana, na usahihi wa ziada nautafuta kwingine, kwa bushi iliyopasuliwa.

Bushi hiyo ndiyo adapta rahisi kuliko zote, nayo haipewi heshima inayostahili. Chaki ya kawaida ya mataya matatu ikishika chuma cha mviringo huenda ikakosea kati ya milimita 0.05 na 0.10. Chukua kipande cha aluminiamu au shaba, kichonge kiwe na ukingo mdogo upande wa mbele ili kisizame ndani ya mataya, gonga alama inayoelekea taya namba 1, kisha kipanue tundu kwa kipimo halisi cha kazi kikiwa kimeshikwa na chaki ileile. Kitoe, kipasue upande mmoja kwa msumeno wa chuma, mpasuko ukae kati ya mataya mawili, safisha makali kwa tupa. Ukikirudisha alama ikielekea taya namba 1, tundu linarudi katikati karibu kama lilivyochongwa, na mpasuko unakiruhusu kubana. Kosa la chaki halikuondoka. Limezaliwa ndani ya bushi kwa upande wa kinyume, hivyo mawili hayo yanafutana. Bushi hiyo hushika bolti kwa hesi zake bila kuziponda, kwa sababu shinikizo linaenea pande zote. Hushika bomba jembamba lisibonyee. Hushika kipande kilichong'arishwa kisipate alama za meno. Gharama yake ni kipande cha mabaki na nusu saa ya kazi. Karakana iliyokaa miaka mingi huwa na sanduku zima la bushi za namna hii, kila moja imegongwa kipimo chake.

Kanuni hiyohiyo inazaa ndugu zake. Kazi yenye tundu tayari hushikwa kwa ndani, kwa kiguzo kilichochongwa papo hapo na kisichotolewa mpaka kazi iishe. Mataya laini, yale yasiyotiwa ugumu, hupanuliwa yakiwa yamekaza pete ndani yake ili mfereji uvutwe upande uleule utakaovutwa wakati wa kazi. Mafundi saa wamekuwa wakibandika vipande vidogo kwa nta ya laki juu ya shaba iliyochongwa muda huohuo. Leo wengine hutumia gundi kali na kuipasha moto baadaye ili iachie.

Kuhusu tepa, tahadhari ndiyo kubwa kuliko utengenezaji. Kuchonga tepa ya Morse kwa usahihi ni kazi ngumu kwa kitelezi kidogo, na haina maana ilhali madukani kuna viguzo vyenye tepa iliyosagwa tayari na mwisho laini wa kuchonga utakavyo. Nunua hicho, kisukume ndani ya spindeli, umalizie mwisho wake hapo hapo. Mwinamo wa tepa hii ni takriban digrii moja na nusu kila upande, mdogo kiasi kwamba msuguano wa chuma kwa chuma huishika bila bolti. Ulimi wa mwisho wake kazi yake kubwa ni kupokea kabari ya kuitoa. Lakini msuguano huo unatosha kwa kutoboa tu, ambako nguvu inasukuma tepa ndani. Kisu cha milingi huvuta na kutetemesha kwa pembeni, na tepa huachia polepole hadi kisu kinadondoka kikiwa kinazunguka. Kwa kazi hiyo tepa lazima ivutwe na fimbo yenye hesi inayopita ndani ya spindeli. Chaki ya drili, hata nzuri namna gani, isishike kisu cha milingi: mara nyingi imekaa juu ya tepa fupi isiyo na fimbo ya kuivuta, na mataya yake yamekusudiwa kuhimili msukumo wa mbele. Hili halina mjadala.

Koleti za ER, bushi zenye mipasuko zinazobanwa ndani ya koni kwa nati, zilizotoka kampuni ya Rego-Fix ya Uswisi miaka ya 1970, zimebadilisha karakana za nyumbani kwa sababu seti moja hushika karibu kila kipenyo. Kila koleti hubana takriban milimita 1, na seti ya ER32 hufika hadi milimita 20. Koleti na nati vinunuliwe. Vimetiwa ugumu na kusagwa, wala si ghali. Kinachofaa kutengenezwa ni mwili wake: bamba lenye kikalio cha pua yako, hesi ya nje ya milimita 40 yenye hatua ya 1.5 kwa nati ya ER32, na koni ya ndani ya digrii 8 kila upande. Vipimo vya digrii vilivyochorwa kwenye kitelezi cha juu cha mashine ndogo havitoshi kwa koni hii. Shika kwanza kiguzo cha chuma, kichonge kiingie kwa kubana kwenye koleti, vesha koleti hiyo, kisha pitisha geji ya saa juu ya koni yake kwa kusogeza kitelezi mpaka sindano isicheze. Hapo pembe imenakiliwa kutoka kwa koleti yenyewe. Ncha ya kisu iwe kwenye kimo halisi cha katikati. Ikiwa juu au chini, koni haitanyooka, itapinda kidogo, na koleti itashika ncha moja tu. Maliza koni bamba likiwa kwenye spindeli yake, paka wino, jaribu, rekebisha. Wakati wa kutumia, koleti hunaswa kwanza ndani ya nati kisha vyote viwili huingizwa kwenye koni. Anayeanza kwa koni ataharibu koleti au atashindwa kuitoa. Kipande kifupi kisichojaza urefu wa koleti kiwekewe mwenzake wa kipenyo kilekile nyuma, la sivyo koleti itainama.

Bamba la uso na kipande cha pembe mraba havihitaji maneno mengi. Ni vifaa vya zamani, vinashika chochote kisicho duara, na sharti lake kubwa ni kusawazisha uzito: kazi iliyoelemea upande mmoja ifungiwe kipande cha kuilinganisha upande wa pili, na mwendo uanzie chini.

Kila adapta ina gharama isiyoonekana, nayo ni urefu. Inasogeza kazi mbali na biringi za spindeli, na kupinda kwa fimbo iliyoshikwa upande mmoja huongezeka kwa mchemraba wa urefu wake: urefu ukizidi mara mbili, kupinda kunazidi mara nane. Mtu anayeweka adapta juu ya adapta, bamba juu ya bamba, huishia kulaumu kisu kwa kelele na mawimbi kwenye chuma, na kisu hakina hatia. Chaki ya milimita 100 yenye tundu la 72 inaweza kufungwa kwenye kerezo dogo lenye kikalio cha 55 kwa bamba la kati, na wengi hufanya hivyo kwa mafanikio, mradi bamba liwe jembamba kadiri bolti zinavyoruhusu. Zaidi ya bamba moja ni makosa. Pua za hesi zina hatari nyingine pia: mashine ikizungushwa kinyume kwa nguvu, au ikisimamishwa ghafla na kifaa cha umeme cha kudhibiti mwendo, chaki hufunguka na kuruka. Mwenye pua ya namna hiyo asikate kwa mzunguko wa kinyume mpaka atengeneze kabali ya kuifunga.

David Gingery wa Springfield, Missouri, alionyesha jambo hili lingeweza kufika wapi. Vitabu vyake saba vya kuanzia 1980 vinaanza na tanuri la mkaa la kusubu aluminiamu, kisha kerezo, kisha mashine nyingine, kila kifaa kikitumika kutengeneza kinachofuata. Huhitaji kufika umbali huo. Ila mpangilio wake una ukweli ambao vyuo vyetu vya ufundi stadi vingeweza kuutumia moja kwa moja: mwanafunzi wa mitambo huchonga mazoezi mengi yanayoishia kwenye pipa la chakavu. Angepewa mazoezi hayohayo kwa sura ya nakala ya pua, bamba la nyuma na bushi, chuo kingebaki na vifaa, naye angejifunza hesi, vikalio na mpangilio wa kazi kwa pamoja.

Kwa msomaji mwenye kerezo lililosimama kwa kukosa vifaa, mgawanyo ni huu. Nunua koleti, nati, chaki ya drili na viguzo vya tepa. Tengeneza mabamba, bushi, viguzo vya kushika kwa ndani na mwili wa koleti. Na kama fedha ya chaki ya pili iko mfukoni, iache kwanza. Nunua geji ya saa inayosoma milimita 0.01 pamoja na kishikio chake cha sumaku, kwa sababu bila hiyo hakuna adapta utakayoweza kuithibitisha.